Namba ya Chini

Limbert, keti juu ya ndoo. Leta hicho kijiboksi cheusi
ulichokinunua sokoni Oruro, kwa yule mama auzaye redio na nyembe.
Kisome tena.
Safari hii anzia chini.

Thelathini na mbili, uliniambia, kwa sauti ya mtu aliyeokota noti.
Ndiyo. Imechapwa ubavuni kwa herufi nene.
Lakini mtazame jirani yake: AC-1.
Hiyo ni ahadi kwa mizigo mipole,
hita ya chai, tanuri la mkate, vitu visivyogoma.
Teremsha kidole. AC-3: kumi na nane.
Hiyo ndiyo iliyoandikiwa mota,
kwa wino mwembamba kama mguu wa sisimizi.

Ng'ombe hashindwi na nunduye, ni kweli.
Mota ya mkanda wetu hula ampea ishirini na tatu
kutwa nzima, bila kunung'unika.
Ila alfajiri, mawe yamelala juu ya mkanda na grisi imeganda,
sekunde ile ya kwanza, nundu yake ni mara saba.
Na ncha za fedha humo ndani,
kila moja pana kama ukucha wa mtoto,
ndizo zipokeazo pigo.

Jumanne ulikuwepo. Glavu ya Casimira ilinaswa,
akabonyeza kitufe chekundu.
Koili ikaachia; nilisikia tak, lakini ya nusu.
Mkanda haukusimama.
Akabonyeza kwa kiganja, kisha kwa ngumi,
kisha akachomoa mkono,
na glavu ikaenda peke yake hadi kwenye rola,
vidole vitano vya ngozi, vitupu,
namshukuru Mungu, vitupu,
mpaka nilipoivuta swichi kuu kwa mikono miwili.
Nilipoifungua kontakta, ncha zilikuwa zimeoana.
Nimezipa talaka kwa bisibisi.

Sikukufokea. Nami niliwahi kusoma namba kubwa tu,
na aliyelipa hakuwa mimi.
Hilo tutalizungumza siku nyingine.

Haya, shika hii. AC-3, ishirini na tano.
Unatabasamu: ishirini na tano inaizidi ishirini na tatu.
Ingetosha kule Arica, kando ya maji.
Hapa tuko mita elfu nne.
Hewa hii imfanyayo mgeni akae kwenye ngazi ya tatu
ndiyo tunayoitegemea kuzima cheche ncha zikiachana.
Ni nyembamba. Haipozi, wala haizimi upesi.
Ndani ya boksi kuna karatasi iliyokunjwa mara nane,
na nyuma yake jedwali la mwinuko ambalo watu hufungia majani ya koka.
Zidisha kwa sifuri nukta nane nane.
Andika ukutani, kwa chaki, nione.
Ishirini na mbili.
Umeona? Mlima umetuibia tatu.

Basi ni thelathini na mbili, ile ile yako,
ila sasa imesimama mbele ya AC-3.
Soma na koili kabla hujaifunga: volti mia mbili na ishirini,
maana ukiipa mia tatu na themanini itanuka hadi jikoni.
Na huu mguso mdogo wa pembeni, kumi na tatu, kumi na nne,
ndio kumbukumbu: unabonyeza, unaondoa kidole,
wenyewe unalishika neno lako.
Umeme ukikatika, husahau.
Uache usahau. Sitaki mkanda uamke
Casimira akiwa ameinama.

Pangusa hizo karatasi za rangi za Kanivali,
zimejaa ndani ya paneli tangu tulipoimwagia singani.
Kaza skrubu. Kaza tena.

Huyo anakuja, glavu moja mpya, moja kuukuu.
Anauliza kama chekundu sasa kinasema kweli.
Usimjibu.
Washa, uache mkanda ushike mwendo, halafu bonyeza.

Tak.

Jiwe moja bado linatikisika.